UTI isiyoisha kwa mtoto mwenye mgongo wazi: Tatizo ni mkojo unaobaki

HOMA inapanda, mtoto anakataa kula, mkojo unatoa harufu kali. Mama anakwenda duka la dawa, anapewa vidonge vilevile vya mwezi uliopita, homa inashuka na nyumba inatulia. Wiki tatu baadaye mambo yanaanza upya.

Kwa familia nyingi zinazolea mtoto mwenye mgongo wazi, hali hii si ngeni. Ndugu nao hawakosi la kusema. Wifi anauliza kama mtoto anaogeshwa vizuri, jirani anasema chumba kinanuka, bibi anashauri dawa za miti shamba. Mama anaanza kujiona mchafu na mzembe, wakati hana kosa.

Maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo wengi wameyazoea kwa jina la UTI, yakimrudia mtoto wa aina hii, mara nyingi chanzo chake si uzembe wa mama wala choo cha shule. Chanzo ni mkojo unaobaki ndani ya kibofu. Dawa huua vijidudu vilivyopo leo, lakini kama mkojo unaendelea kubaki, vingine vitaota hapohapo. Na wakati familia inahangaika na homa, kuna kitu kingine kinachoumia kimyakimya, nacho ni figo.

Kwa nini kibofu hakitoi mkojo wote

Mgongo wazi hutokea mapema mno, ndani ya wiki nne za mwanzo baada ya mimba kutungwa, mara nyingi kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito. Sehemu ya uti wa mgongo wa mtoto inashindwa kufunga, na neva zilizo hapo zinaumia. Hata mtoto akifanyiwa upasuaji wa kufunga mgongo siku za mwanzo baada ya kuzaliwa, neva zilizokwisha kuumia hazirudi kuwa kama za watoto wengine.

Neva zinazoendesha kibofu na haja kubwa hutoka sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo. Ndiyo maana mtoto anaweza kutembea vizuri na bado kibofu chake hakifanyi kazi. Wazazi wengi huchanganyikiwa hapa. Wanaona miguu ina nguvu, wanaamini mtoto amepona, kumbe tatizo limehamia mahali pasipoonekana.

Kwa kawaida kibofu kinapojaa hupeleka taarifa kwenye ubongo. Mtu akifika chooni, msuli wa kibofu hukaza na mlango wake hulegea, mkojo ukatoka wote. Kwa mtoto mwenye mgongo wazi mawasiliano hayo yamekatika. Kuna ambaye kibofu chake kimelegea kama mfuko, kinajaa na kumwagika kidogo kidogo. Kuna mwingine ambaye kibofu kinakaza wakati mlango nao umefunga, hivyo presha ndani inakuwa kubwa. Wote wawili huonekana wamelowa nepi, na mzazi hudhani mkojo unatoka vizuri. Kumbe kinachotoka ni kile kilichofurika tu.

Mkojo unaolala kibofuni ni chakula cha vijidudu. Bakteria wa kawaida wa UTI, anayeishi kwenye utumbo na kinyesi cha kila binadamu, akipata mazingira mazuri huweza kugawanyika na kuwa wawili kila baada ya dakika 20 hivi. Mtu anayekojoa vizuri huwasukuma nje kabla hawajawa wengi. Mtoto ambaye mkojo unabaki hana namna hiyo ya kujisafisha.

Presha ikizidi, mkojo huweza kurudi nyuma, ukapanda kwenye mirija hadi kwenye figo, ukiwa umebeba vijidudu. Kila maambukizi yanayofika kwenye figo yanaweza kuacha kovu. Kovu halitibiki. Makovu yakiwa mengi, mtoto hupata shinikizo la damu na baadaye figo kushindwa kufanya kazi.

Mpira safi, kwa saa maalumu

Njia kuu inayotumika duniani kote kuwalinda watoto hawa ni rahisi kuliko wengi wanavyofikiri. Mzazi hufundishwa kuingiza mpira mwembamba wa mkojo, kutoa mkojo wote, kisha kuutoa mpira. Haubaki ndani. Kazi hiyo hurudiwa kila baada ya saa tatu au nne wakati wa mchana.

Zamani madaktari waliamini kwamba mpira haupaswi kuingizwa kibofuni bila vifaa vilivyochemshwa, glovu maalumu na mhudumu wa hospitali. Kwa hiyo mgonjwa wa kawaida asingeweza kuifanya kazi hiyo nyumbani. Mwaka 1972, daktari wa magonjwa ya mkojo Jack Lapides na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha maelezo yaliyobadilisha mawazo hayo. Walionyesha kwamba usafi wa kawaida wa mikono na mpira unatosha, mradi kibofu kinatolewa mkojo wote mara kwa mara. Hoja yao ilikuwa kwamba kibofu kilichojaa na kutanuka kupita kiasi hukosa damu ya kutosha na hushindwa kujikinga, na hiyo ni hatari kubwa kuliko vijidudu vichache vinavyoingia na mpira.

Maelezo hayo ndiyo yaliyoitoa kazi hii hospitalini na kuipeleka nyumbani. Mama aliyeishia darasa la saba anaweza kuifanya vizuri, na baba vilevile.

Ratiba inayofuata saa za nyumba na shule husaidia sana. Mfano ni saa 12 asubuhi mtoto anapoamka, saa 4 wakati wa mapumziko ya shule, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku kabla ya kulala. Daktari anaweza kuibadilisha kulingana na kibofu cha mtoto mwenyewe.

Mambo ya kuzingatia

Mzazi asijifundishe kwa kusikia. Muuguzi au daktari ndiye anayechagua ukubwa wa mpira na kumwelekeza kwa mikono mara ya kwanza. Baada ya hapo, haya ndiyo ya kushika kila siku:

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla na baada ya kazi. Hakuna hatua iliyo muhimu kuliko hii.

2. Safisha sehemu ya siri kwa maji safi. Kwa mtoto wa kike, futa kutoka mbele kwenda nyuma ili kinyesi kisifike kwenye njia ya mkojo.

3. Lainisha mpira kwa jeli inayoyeyuka kwenye maji. Usitumie mafuta ya kupaka mwilini.

4. Ingiza polepole bila kulazimisha hadi mkojo uanze kutoka. Ukikwama, subiri mtoto atulie. Usisukume kwa nguvu.

5. Mkojo ukiacha kutoka, usichomoe mpira kwa haraka. Vuta kidogo kidogo. Ukianza kutoka tena, simama na usubiri. Wazazi wengi hukosea hapa kwa sababu ya haraka, na mkojo unaobaki chini ndio unaoleta maambukizi.

6. Mpira wa kutumia mara moja na kutupa ndio bora kwa anayeumudu. Kwa familia ambazo zimeelekezwa na kliniki kuutumia tena, uoshwe kwa sabuni na maji safi nje na ndani, upitishwe maji mengi, ukung'utwe, ukaushwe na uhifadhiwe kwenye kopo safi lenye mfuniko. Ukianza kuwa mgumu, kupasuka au kubadilika, utupwe. Mpira wa mtoto mmoja usitumike kwa mtoto mwingine kabisa.

Jambo jingine la kuangalia ni aina ya mpira wenyewe. Watoto wenye mgongo wazi hupata mzio wa lateksi, yaani utomvu wa mti wa mpira, kwa urahisi kuliko watoto wengine. Kwa hiyo mpira wa mkojo na glovu visiwe vya lateksi, na hata maputo ya sherehe ya kuzaliwa yawe mbali naye. Mzazi amkumbushe kila mhudumu wa afya, hata daktari wa meno.

Hofu za wazazi

Wapo wanaokataa mpira kwa hofu kwamba utamharibia mtoto wa kike ubikira. Njia ya mkojo na uke ni matundu mawili tofauti, na mpira hupita kwenye njia ya mkojo tu. Wengine huhofia kwamba mtoto wa kiume atakuwa hanithi. Mpira ukiingizwa kwa utaratibu hauleti tatizo hilo. Wengine tena husema kibofu kitazoea na kuwa kivivu. Kibofu cha mtoto huyu kilikosa mawasiliano kabla hajazaliwa, mpira umekuja kusaidia tu.

Hofu nyingine ni ya maumivu. Watoto wengi wenye mgongo wazi hawana hisia kamili sehemu hizo, na wale wenye hisia huzoea baada ya muda mfupi kama mlezi ana mkono mwepesi.

Si kila mkojo wenye harufu ni UTI

Hapa ndipo dawa nyingi zinapotumika bure. Mtoto anayetolewa mkojo kwa mpira huwa na bakteria kwenye kibofu mara kwa mara bila kuugua. Wanakaa tu. Akipimwa kwa kile kipande cha karatasi kinachochovywa kwenye mkojo, majibu yanaweza kuonyesha maambukizi hata kama mtoto anacheza, anakula na hana homa. Akipewa dawa kila mara kwa majibu hayo, bakteria dhaifu wanakufa na wale wagumu wanabaki. Siku mtoto atakapougua kweli, vidonge vya dukani havitafanya kazi, na itabidi alazwe kwa sindano za gharama kubwa.

Kwa sababu hiyo, mkojo kuwa mzito au kunuka peke yake usimpeleke mzazi duka la dawa. Kwanza ajiulize: je, mtoto amekunywa maji ya kutosha leo? Kuna saa iliyorukwa? Amepata choo? Mara nyingi hali hurudi kawaida kwa siku moja au mbili baada ya kurekebisha mambo hayo.

Dalili zinazotakiwa kumpeleka hospitali bila kusubiri ni homa, kutapika, maumivu ya tumbo, mgongo au ubavu, damu kwenye mkojo, kulegea na kukataa kula. Nyingine ni kuanza kulowa katikati ya saa za mpira wakati awali alikuwa anabaki mkavu. Mzazi asisubiri mtoto alalamike kwamba anaungua akikojoa. Wengi wao hawawezi kuhisi hivyo.

Akifika hospitali, mzazi aseme mapema kwamba mtoto ana mgongo wazi na anatolewa mkojo kwa mpira. Ataje saa za ratiba yake, siku homa ilipoanza na dawa alizotumia miezi ya karibuni. Kama mtoto amewekewa mpira wa kupunguza maji kichwani, hilo lisemwe kabla ya yote, kwa kuwa homa na kutapika vinaweza kutoka huko. Malaria nayo ipimwe. Homa ya mtoto huyu inaweza kuwa na sababu kama ya mtoto mwingine yeyote.

Kipimo kinachoonyesha ukweli ni kuotesha mkojo maabara, ambacho humwambia daktari bakteria ni yupi na dawa gani inamuua. Mkojo wake uchukuliwe kwa mpira mpya na safi kabla dozi ya kwanza haijaanza, na ufike maabara mapema. Ule uliokusanywa kwenye mfuko wa kubandika hudanganya, kwa sababu huchanganyika na vijidudu vya ngozi. Dozi ikishaandikwa, imalizwe, na isigawanywe kwa mdogo wake mwenye homa.

Ukiona maambukizi yanarudi licha ya mpira

Mzazi anaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado UTI ikarudi. Ikiwa hivyo, haifai kubadili antibayotiki tu. Kuna mambo ya kuchunguzwa.

La kwanza ni choo kigumu. Neva zilizoharibu kibofu zimeharibu pia utumbo mkubwa, na kinyesi kilichojaa hukibana kibofu kisitoe mkojo wote. Papai, machungwa, mboga za majani, maharage na ugali wa dona husaidia, pamoja na maji ya kunywa kidogo kidogo mchana kutwa. Mtoto akalishwe chooni muda uleule kila siku baada ya kula. Isipotosha, kliniki ina njia nyingine za kumsaidia kutoa haja. Maji ya dafu ni kinywaji kizuri, lakini hayatoi mkojo uliobaki.

La pili ni ratiba. Kibofu cha mtoto hukadiriwa kwa kuchukua umri wake, kuongeza moja na kuzidisha kwa 30. Mtoto wa miaka mitano atakuwa na nafasi ya mililita 180 hivi. Kama kila anapotolewa mkojo zinatoka mililita 300, saa zake zimeachana mno. Daftari dogo la siku tatu, lenye saa, kiasi cha mkojo kwenye kikombe chenye vipimo, kulowa na choo, humpa daktari picha anayoihitaji.

La tatu ni presha ya kibofu, mkojo kurudi nyuma na mawe kibofuni. Hayo yanahitaji ultrasaundi na vipimo vingine. Kuna dawa ya kulegeza msuli wa kibofu, oksibutinini, ambayo watoto wengi hutumia pamoja na mpira. Wachache hupewa antibayotiki ya kinga kwa muda, na wapo wanaohitaji upasuaji. Huo ni uamuzi wa daktari.

La nne hutokea mtoto anapokua. Uti wa mgongo unaweza kushikwa na kovu la upasuaji wa zamani na kuvutwa. Mtoto aliyekuwa mkavu akianza kulowa, miguu ikapungua nguvu au mgongo ukauma, apelekwe kwa daktari wa upasuaji wa neva.

Hata mtoto asiyeugua anahitaji ultrasaundi ya figo, kipimo cha damu na kupimwa presha mara kwa mara. Figo huweza kuharibika bila homa hata moja. Kwa Tanzania, huduma za kibingwa zinapatikana Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam na hospitali za kanda kama KCMC Moshi na Bugando Mwanza. Asiyemudu gharama aulizie ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini. Chama cha wazazi wa watoto wenye mgongo wazi na vichwa vikubwa, ASBAHT, nacho huwakutanisha wazazi wapya na waliotangulia.

Ushauri huu wa choo, maji na kufuatilia mkojo unawahusu pia watoto wenye mtindio wa ubongo, ambao wengine hawawezi kusema wanapoumwa. Lakini si wote wanaohitaji mpira. Kwanza ipimwe kwa ultrasaundi kama mkojo unabaki.

Shuleni, na akiwa mkubwa

Watoto wengi huanza UTI upya wanapoanza shule. Nyumbani mama alishika saa. Shuleni hakuna anayejua, choo hakina mlango wala maji, na mtoto anaogopa kuchekwa. Anakaa saa nane bila kutolewa mkojo, na anaacha kunywa maji ili asilowe.

Mzazi azungumze na mwalimu mkuu kabla ya muhula kuanza. Kinachohitajika si kikubwa: chumba chenye faragha, ndoo yenye bomba, sabuni, na ruhusa ya kutoka darasani saa 4 bila kuulizwa mbele ya wenzake. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma kama wengine.

Kuanzia miaka mitano hadi saba, wengi huweza kuanza kujifunza kujitoa mkojo wenyewe, mradi mikono na uelewa vinaruhusu. Aanze kwa kuandaa vifaa, kisha kunawa, kisha ashike mpira mlezi akiwa kando. Msichana husaidiwa na kioo kidogo. Wakati huohuo afundishwe kwamba mwili ni wake, kwamba kazi hii hufanywa na watu anaowajua kwa majina, na mtu mwingine akimgusa aseme nyumbani mara moja.

Hadi siku hiyo, mzigo usiwe wa mama peke yake. Ratiba ya kila saa nne haina sikukuu, msiba wala Jumapili, na mama akiugua siku mbili, figo za mtoto hazitamsubiri apone. Baba ajifunze. Shangazi, dada au bibi mmoja naye ajifunze. Mzazi anayekwenda kliniki mwezi huu amchukue mmoja wao, ili muuguzi awaelekeze pamoja.